Mashine ya Sauti Ilivyotaka Kuninyima Mke

Siku baba mkwe wangu alipoulizwa mbele ya watu kama anamtoa binti yake, alinyamaza.

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alinyamaza jii, na wageni wote waliojaa chini ya hema wakageuza shingo kunitazama mimi.

Walikuwa na haki. Bwana harusi nilikuwa mimi. Na mashine iliyokuwa inaleta sauti ya baba mkwe kutoka Kinshasa niliiunganisha mimi.

Kaeni vizuri niwaeleze, maana kisa hiki watu wa Mugunga, mtaani kwa wakwe zangu, wanakisimulia kila mtu kwa namna yake, na wengi wananionea.

Naitwa Baharanyi. Nyumbani ni Bukavu, lakini naishi Goma, mtaa wa Keshero. Kazi yangu ni sauti. Harusi, misiba, makanisa, popote watu wanapotaka kusikika, wananiita na spika zangu. Nilisoma informatique, kwa hiyo siishii kwenye kuunganisha nyaya. Kinachofanyika ndani ya kompyuta pia nakigusa, na hapo ndipo matatizo yangu yote yanapoanzia.

Mchumba wangu ni Uwitonze, mwalimu wa shule ya msingi. Msichana mpole wa sura, lakini ukimchokoza anakujibu mpaka unatafuta mlango.

Hayo ameyarithi kwa baba yake, Muzee Munyakazi.

Kwa watu wa kwao, Rutshuru, kuposa si shughuli ya kimyakimya. Kila upande una msemaji wake. Msemaji wa msichana anajifanya hajui wageni wamefuata nini. Msemaji wa mvulana anasifia ng'ombe, anasifia kijana wake, anabembeleza. Huyu anamkata mwenzake kauli, yule anamrudishia, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kukatana kauli ndiyo utamu wenyewe.

Basi Munyakazi ndiye alikuwa msemaji wa kila posa ya Mugunga. Watu walikuwa wanatania kwamba siku atakayokufa, mdomo wake utachelewa kupata habari.

Bahati mbaya alikuwa amekwenda Kinshasa kumtembelea mwanawe mkubwa. Akiwa huko uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na barabara nazo, mnajua, hazipitiki. Akabaki huko huko.

Tukamshauri amteue mtu amsemee. Akakataa katakata kwenye simu.

"Nilisemea mabinti ya batu bote," akasema. "Ya kwangu nimuachie nani? Nitasema miye mwenyewe. Baharanyi si iko fundi wa sauti? Atafute namna."

Ndivyo nilivyotafuta namna.

Simu ya kawaida kuiweka mbele ya maikrofoni haikufaa. Spika zilipiga mluzi, mbwa wa jirani wakajibu. Nikachukua kompyuta yangu, nikaifungia kadi ya sauti ya mitumba. Ni kisanduku cheusi: upande mmoja kinaingiza sauti ya maikrofoni, upande wa pili kinatoa sauti kwenda kwenye spika.

Kisanduku kile hakikuwa na pilote inayokubali kwenye kompyuta yangu. Pilote ni kile kiprogramu kinachosimama kati ya kompyuta na kifaa, kama mkalimani anavyosimama kati ya mhubiri na waumini. Hakuna mkalimani, hakuna mahubiri. Nikaiandika mwenyewe.

Nilipomweleza mama mkwe, Mama Léoncie, kwamba ninaandika pilote, akanitazama kwa huruma.

"Pilote? Na kiwanja ya ndege imefungwa?"

Kwake pilote ni rubani. Nikamwacha acheke.

Nilijiona mjanja sana. Ili nisimalize mega za intaneti, nilipanga kwamba maikrofoni yetu ifunguke pale tu mtu anapozungumza. Ili spika zisipige mluzi, sauti ya huku ikianza, pilote inapunguza spika kwanza. Sauti ya Kinshasa ikianza, inapunguza maikrofoni kwanza. Kisanduku kilikuwa na vitaa viwili vya kijani, kimoja cha Goma, kingine cha Kinshasa. Anayezungumza, taa yake inawaka.

Nilijaribu na Muzee mara nyingi kabla ya siku yenyewe. Haikukosea hata mara moja.

Siku ikafika. Familia yangu ilivuka ziwa kutoka Bukavu ikiongozwa na mjomba wangu, Papa Nshobole, mwenye koti lake la misa kuu. Yeye ndiye msemaji wetu. Hema lilisimama nyumbani kwa Mama Léoncie, kasiksi, ile pombe ya ndizi, na fanta zikawekwa kivulini, akina mama wakaimba.

Kero ilikuwa moja tu, lango.

Lango la ule ua ni la bati nzito. Muzee Munyakazi alilitundika mwenyewe, akalitundika vibaya, kwa hiyo kila likifunguliwa linakwaruza jiwe la volkano lililoko chini yake. Kraaaak! Kila mgeni aliyeingia alitupigia hiyo kelele kwenye maikrofoni.

"Mama," nikamwambia Mama Léoncie, "niruhusu nilichonge kidogo lile jiwe."

"Usiliguse. Mwenye kuweka lango njo atakuja kulitengeneza."

Sauti yake haikuwa ya utani, nikaacha.

Posa ikaanza, na Muzee akawasha moto. Spika zilikuwa safi, ungedhani amekaa kwenye kiti cha mbele.

"Mulisema mumetoka Bukavu? Munauza sambaza? Ya leo tumekwisha kununua!"

Watu hoi, maana sambaza, vile visamaki vya ziwani, ndiyo sifa ya Bukavu. Papa Nshobole naye akamjibu, akasifia ng'ombe zetu mpaka mimi mwenyewe nikatamani kuzijua. Ikafika kwenye swali kubwa. Mjomba akavua kofia.

"Muzee, tumesikilizana. Sasa tunaomba neno moja. Mutoto, unatupatia ao hautupatie?"

Wakati huo huo binamu yangu aliyechelewa akasukuma lango. Kraaaak!

Kimya.

Tukangoja. Kimya. Mjomba akarudia swali. Kimya.

Ndipo shingo zikanigeukia. Wenzangu, aibu ya bwana harusi kusimama na nyaya mkononi msiiombee. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Muzee Munyakazi kukosa la kusema? Hata mtoto mdogo pale alijua haiwezekani. Kilichokufa ni mashine.

"Zima, uwashe!" mjomba akanong'ona, ingawa kunong'ona kwake kunafika barabarani.

Nikazima, nikawasha. Kompyuta ikarudi polepole, mtandao ukakataa. Nikapiga tena, nikapiga tena, wapi! Wingu nalo likatumwagia mvua yake, hema likaanza kuvuja, na posa ikaahirishwa hadi Jumamosi iliyofuata.

Wageni wakatoka na maneno yao. Mwingine akasema Mungu amejibu. Shangazi mmoja wa Uwitonze akasema hajawahi kuona posa inayokatika kama umeme.

Mjomba alinivuta pembeni, uso umemkauka.

"Sikiliza, Baharanyi. Mara ya pili, sawa. Ya tatu haiko. Siwezi kuwa navuka ziwa kila Jumamosi juu ya kisanduku. Ikikatika tena tunarudi Bukavu, na kule pia mabinti biko."

"Mjomba, mimi nampenda Uwitonze."

"Basi umutengenezee masini."

Uwitonze mwenyewe hakunilaumu. Alinisindikiza mpaka langoni, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Ni mashine kweli?"

"Ni mashine. Naapa."

"Basi itengeneze, kwa sababu ikikatika tena, baba hatakuwa na moyo wa kuanza upya. Namjua."

Niliumia jamani. Nilijua nikishindwa Jumamosi hiyo, sitampoteza kwa sababu hatupendani. Nitampoteza kwa sababu ya makosa yaliyo ndani ya kile kisanduku.

Kesho yake nikaanza kuwinda kosa. Nilikuwa na mshukiwa: lile lango. Nikawaza, labda kelele ya lango imefungua maikrofoni kwa wakati ule ule Muzee alipokuwa anafungua mdomo. Vitu viwili kwa mpigo, pilote ikachanganyikiwa.

Lakini kuwaza ni bure, lazima uone kosa likitokea mbele yako. Nikarudi kwa Mama Léoncie, nikaunganisha kila kitu, nikampigia Muzee.

"Papa, shikamoo. Naomba unisamehe kwa ile mashine, imekuaibisha."

Akakohoa.

"Masini ni masini, mwana yangu. Usiiseme mubaya sana."

Nikaona ni ukarimu wake tu. Tukaanza majaribio. Yeye anasema, mimi nasikiliza. Akimaliza, ndipo mimi nasema, "Ndiyo, Papa." Anasema tena. "Kweli kabisa, Papa." Asubuhi nzima. Mashine inakwenda vizuri kabisa. Vitaa vinapokezana, hiki kinazima, kile kinawaka. Nilitamani kulia. Fundi yeyote atakuambia, ugonjwa unaojificha ukija kwa daktari ndio mbaya kuliko wote.

Mara Mama Léoncie akatoka jikoni na sinia la sombe, kisamvu cha kwetu, akasikia mumewe kwenye spika ananisimulia jinsi alivyolitundika lango kwa mikono yake bila msaada wa mtu.

"Munyakazi!" akapaza sauti. "Acha bongo, acha uongo! Nani alishika bati? Nani alipondwa kidole?"

"Léoncie, ngoja nimalizie, mi..."

"Ningoje nini? Kidole kilikuwa ya nani?"

Tap. Kimya. Kompyuta ikaganda. Mshale hausogei, vitaa vyote viwili vinawaka nusunusu, vimebaki hivyo hivyo kama watu waliopigwa picha.

Nikaruka juu kwa furaha. Mama Léoncie akadhani nimepagawa.

Hapo ndipo nilipojielewa, na nikajicheka peke yangu. Asubuhi nzima nimepima mashine ya posa, yaani shughuli ya kukatana kauli, huku mimi mwenyewe simkatizi muzee hata kwa bahati mbaya. Nani amkatize baba wa mchumba wake? Adabu niliyolelewa nayo ndiyo iliyokuwa inanificha kosa. Hata majaribio ya kabla ya posa yalikuwa hivyo hivyo, "Ndiyo, Papa," mwanzo mpaka mwisho.

Sasa nilihitaji mtu wa kumkatiza Muzee Munyakazi kila ninapotaka. Na duniani mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Nikapiga goti. Kweli, nilipiga goti, na sombe liko pembeni.

"Mama, nakuomba. Umkatize tena."

"Unaniambia nini?"

"Nitampigia tena Papa. Akianza kusema, wewe gombana naye kidogo."

Mama Léoncie akaweka mikono kiunoni.

"Mukwe gani unaomba bazazi bagombane?"

"Ni kwa ajili ya ndoa, Mama."

Akanitazama, akatazama spika, akavuta kiti. Tabasamu likamtoka pembeni ya mdomo.

"Bon. Nianze na kidole ao na ile mbuzi aliuza bila kuniuliza?"

Aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Walianza na mbuzi, wakahamia kwenye kidole, wakafika kwenye harusi yao wenyewe na nani alichelewa kanisani. Na kila waliposema pamoja kwa sekunde ile ile, kompyuta iliganda. Sijawahi kuona wazee wawili wakigombana kwa raha namna ile. Nafikiri walikuwa na hamu ya kusikiana siku nyingi.

Nikarudi Keshero na ushahidi wangu. Na hapo, nikiri, haraka iliniponza.

Kwenye pilote nilikuwa nimeweka kufuli mbili. Moja ya maikrofoni, moja ya spika, ili mtu mmoja tu aguse kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikaona kufuli ndizo zinazogandisha. Nikasema, ah, kufuli za nini! Nikaziondoa zote mbili.

Mjomba, aliyekuwa amefikia kwangu na kumaliza sambaza zangu zote, akakaa mbele ya maikrofoni tujaribu. Muzee akaja hewani.

"Hallo! Bukavu! Tuliachia kwa ng'ombe..."

"Ng'ombe ng'ombe ng'ombe ng'ombe," zikasema spika.

Papa Nshobole akasimama wima.

"Anaongeza ng'ombe?"

"Hapana, mjomba, amesema moja tu. Ni mashine inarudia."

"Irekebishe mbio! Hii masini itatufilisi!"

Ndiyo adhabu ya kuondoa kufuli. Pilote inaandika mahali fulani imefikia wapi katika sauti, ili ijue neno gani linafuata. Bila kufuli, mkono mmoja ulikuwa unaandika wakati mwingine unafuta, basi neno la zamani likasomwa tena na tena. Mara hii haikuganda, lakini ilisema uongo, na kwenye posa uongo wa ng'ombe ni hatari kuliko kimya. Nikarudisha kufuli zangu nikiwa nimenywea.

Nikakaa na ile mistari ya pilote mpaka nikaona. Sauti ya Goma ikianza, inashika kufuli ya maikrofoni, kisha inaomba ya spika. Sauti ya Kinshasa ikianza, inashika kufuli ya spika, kisha inaomba ya maikrofoni. Zikianza kwa pamoja, kila moja imeshika moja na inangojea ya mwenzake. Hakuna anayeachia. Zitangojeana mpaka dunia iishe.

Nikiwa bado nakodolea, nikasikia kelele uani.

Pale ninapopanga tuna choo kimoja cha wapangaji wote. Kina ufunguo mmoja, na bidoni moja ya maji ya kuingia nayo. Nikachungulia. Mama Dative, jirani yangu wa mlango wa pili, ameshika ufunguo. Benny, jirani wa mlango wa tatu, ameshika bidoni. Wote wawili wamebana miguu.

"Leta bidoni, Benny."

"Leta kwanza ufunguo, Mama Dative."

"Miye njo nilitangulia!"

"Na maji nilichota miye!"

Mjomba akatoa kichwa dirishani. "Mutachafua nguo hapo, mungali munabishana!"

Sitawadanganya kwamba hapo ndipo nilipopata jibu. Jibu nilikuwa nimeshaliona kwenye skrini. Ila nilipata namna ya kulieleza, kwa sababu Mama Léoncie alikuwa ameniambia wazi: hatakubali mashine ile irudi kwenye posa ya mwanawe mpaka aelewe kilichokuwa kinaiua.

Nikaitengeneza, kisha nikaenda kumweleza.

"Mama, ilikuwa hivi. Mmoja ana ufunguo wa choo, mwingine ana bidoni. Kila mmoja anataka cha mwenzake, hakuna anayeachia."

"Eh. Na wewe umefanya je?"

"Nimeweka sheria. Kila mtu anaanza na ufunguo. Asiye na ufunguo haruhusiwi kugusa bidoni. Atakayewahi ufunguo atapata vyote, atamaliza, ataachia, na mwenzake ataingia."

"Donc yule mwingine anangoja tu."

"Anangoja, Mama. Kidogo sana, hata sikio halisikii. Lakini anangoja."

Mama Léoncie akafikiri.

"Na hiyo njo ulisomea université?"

Nikainama kuunganisha nyaya. Lakini aligombana na mumewe jioni yote kwa ajili ya kuipima, na mashine haikuganda hata walipofika kwenye habari ya mbuzi.

Jumamosi ikarudi. Hema lile lile, koti la mjomba lile lile, watu wengi zaidi maana wengine walikuja makusudi kuona kama itakatika. Lango nililiacha wazi tangu asubuhi, nikaliegemezea jiwe, ili lisikwaruze kabisa.

Muzee alikuja na nguvu mpya. Mjomba naye alikuwa amejiandaa. Walikatana kauli mpaka hujui nani ameanza. Waliposema kwa pamoja, vitaa vyangu viliwaka kwa pamoja, na sauti zote mbili zikasikika. Nilitamani kuwaambia watu, jamani, tazameni vile vitaa! Lakini nani angeelewa?

Mjomba akavua kofia.

"Muzee. Narudilia swali. Mutoto, unatupatia ao hautupatie?"

Na Benny, niliyekuwa nimemwalika kwa wema wangu, ndiyo saa hiyo hiyo anaingia na kreti ya fanta. Adabu zake zikamtuma afunge lango nyuma yake.

Kraaaak!

Kimya.

Chini ya hema hakuna aliyekohoa. Shingo zikaanza kugeuka, moja, nyingine, zote. Shangazi yule akatikisa kichwa. Uwitonze akashika mkono wa mama yake.

"Zima, uwashe!" mjomba akaniambia, macho mekundu.

Nikatazama kompyuta. Mshale unasogea. Nikatazama simu, mtandao upo, laini iko hewani. Kufuli zote ziko wazi, hakuna aliyeshika kitu. Kitaa cha Kinshasa kimezima, na kitaa kikizima maana yake ni moja tu. Kule hakuna anayezungumza.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe. Nikauondoa, nikauweka mfukoni.

"Hapana," nikasema. "Mashine iko muzima. Tungoje."

"Baharanyi!"

"Mjomba, tungoje."

Nikajua nimeweka ndoa yangu yote kwenye neno moja. Kama mashine ile imekufa kwa namna nisiyoijua, basi nimemaliza mambo yangu mwenyewe mbele ya watu.

Tukangoja. Mtoto mmoja akauliza kwa nini tumenyamaza, akazibwa mdomo.

Kitaa cha Kinshasa kikapepesa, kikazima. Kikapepesa tena.

Kwenye spika ikatoka sauti ya mtu anapenga kamasi.

Halafu Muzee Munyakazi akasema, taratibu, si kwa ile sauti yake ya posa.

"Nani alifunga lango?"

Benny akataka kuingia chini ya kreti.

"Ile lango niliweka miye," akasema. "Ile kelele naijua. Ile Jumamosi ingine pia niliisikia, mukiwa munaniuliza mutoto. Nikajikuta niko pale nyumbani, nakaa kwa kiti yangu. Machozi ikanitoka. Miye Munyakazi, nilie mbele ya bakwe? Nikafunga mikro na kidole yangu."

Mama Léoncie akaziba mdomo kwa kitenge.

"Nilipomaliza kupangusa macho nikafungua, nipatie batu jibu. Nikakuta mumekata. Kisha mukasema ni masini, nikaona ni heri ibakie ni masini. Baharanyi, unisamehe. Masini yako haikukuwa na kosa ile siku."

Nikautoa mkono mfukoni, nikautazama.

Yaani ile siku ya kwanza aliyekata posa si mashine. Ni mimi, na ule mkono wangu wa kuzima na kuwasha! Baba wa watu anafuta machozi, mimi namkatia simu. Na kosa nililoliwinda wiki nzima, lililokuwapo kweli na ambalo lingetuaibisha leo, nililipata nikiwa namtafuta mkosaji ambaye hakuwapo.

"Leo pia nimefunga," Muzee akaendelea. "Nikajua mutakata tena. Hamukukata. Nani alisema tungoje?"

"Ni miye, Papa," nikasema, na maikrofoni iko mbali, lakini akanisikia.

"Ulijua nalia?"

"Hapana, Papa. Nilijua tu kwamba bado uko."

Kitaa kikazima kidogo, kikawaka.

"Bon. Papa Nshobole, vaa kofia yako. Mutoto nimewapatia."

Akina mama wakapiga vigelegele mpaka maikrofoni ikashindwa kuchagua. Mjomba aliruka na koti lake la misa kuu. Uwitonze alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, mimi nikawa sijui nishike nyaya au nimshike yeye. Nikaacha nyaya.

Muzee hakuwa amemaliza, nani ammalize Munyakazi?

"Ngojeni! Niko na sharti moja. Ile lango hakuna mutu wa kuligusa. Nitakuja kulitengeneza miye mwenyewe."

"Na utashika bati peke yako?" Mama Léoncie akamkata.

Vitaa vyote viwili vikawaka, na hema zima likacheka.

Sasa tumeoana. Muzee bado yuko Kinshasa, na bado anasema atakuja. Nilichojifunza nawaachia na ninyi, hasa mafundi wenzangu na wote wenye mchumba: mtu akinyamaza, usikimbilie kuzima na kuwasha. Tazama kwanza kama bado yuko. Akiwa yuko, mngoje.

Kazi yangu mimi ni kuondoa kelele kwenye sauti za watu, na ninaijua vizuri. Lakini kila Jumapili tunapompigia Muzee kutoka pale Mugunga, Uwitonze anainuka kwanza, anakwenda kulifungua lile lango na kulifunga, taratibu, mpaka likwaruze jiwe lote.

Halafu tunangoja kitaa kiwake.